Dawa ya Bi Kiuno

Bomba alilifungua mpaka mwisho, na si kwa kunawa. Hakutaka wageni wa sebuleni wamsikie.

Kilichomtoka hakikuwa matapishi ya watu. Matapishi ya watu yana heshima yake, hutoka yakaisha. Huu ulikuwa ute, mzito, mweupe, ukinyumbuka kutoka mdomoni hadi kwenye sinki kama kamasi la mtoto mwenye mafua. Katikati yake kilining'inia kipande cha kuku, kilekile alichokimeza muda mfupi uliopita, hata rangi hakijabadilisha. Akauvuta kwa vidole viwili. Ukakataa kukatika. Akauzungushia kidoleni kama uzi, akajitazama kwenye kioo, akaona kinyaa.

"Bi Kiuno! Umezama huko, shoga?" jirani alimwita kutoka sebuleni.

"Nanawa, nakuja!"

Zamani jina lake lilikuwa Bonge, na viti vya plastiki vikimwona vilianza kulia kabla hajakaa. Kisha akasafiri, eti kumuuguza shangazi. Alikokwenda ni hospitali. Alirudi na makovu madogo tumboni na mkanda wa mpira uliokazwa kwa ndani, juu ya tumbo la chakula, kama mfuko uliofungwa shingoni, ili chakula kipite kidogokidogo. Chini ya mbavu, ndani ya ngozi, kulibaki kitufe kigumu. Hapo ndipo daktari huchoma sindano ya kuukaza mkanda au kuulegeza. Mumewe aliapishwa asifungue mdomo. Mtaa wenyewe uliambiwa ni ndimu, tangawizi na mdalasini, vichemshwe, vinywewe asubuhi na jioni.

Mtaa ukazitaka hizo ndimu. Akaanza kuzitia kwenye chupa na kuuza, na leo alikuwa amewaalika wateja wake kuwashukuru.

Dawa yenyewe haikumkondesha mtu. Wateja walipungua kidogo, wakarudi palepale, wakajilaumu wenyewe na kununua chupa nyingine. Isipokuwa mmoja tu: wifi yake, dada wa mumewe, mwanamke aliyekuwa akipita mlangoni kwa ubavu. Huyo aliyeyuka kama sabuni kwenye maji. Kila penye watu alisimama akajizungusha, sketi ikimpwaya. "Ushahidi huu hapa, unatembea! Mimi ni chupa za wifi yangu tu, sina lingine."

Mwanzoni Bi Kiuno alicheka kimoyomoyo. Si anajua alichokitia kwenye sufuria? Lakini wifi alivyozidi kuisha, kicheko nacho kikaisha. Labda ile ndimu ina kitu kweli. Na kama ina kitu, yeye anatapika uchafu huu wa nini? Kesho asubuhi alikuwa na miadi na daktari. Mkanda utoke. Atakunywa dawa yake mwenyewe kama wenzake, na atakula kama binadamu.

Alijifuta, akatafuna karafuu kuua harufu, akarudi sebuleni. Nyumba ilikuwa imefurika, waliofuata dawa na waliofuata umbea. Wifi alikaa katikati yao, anakata nyama vipande vya kulishia ndege, anakitafuna kila kimoja mpaka unachoka wewe unayemtazama. Soda yake ilikuwa haijaguswa.

"Kunywa basi, wifi."

"Nikishakula. Usinibabaishe."

Anajishaua, Bi Kiuno aliwaza. Tangu apate kiuno, anakula kama bibi harusi.

Ndipo ikaletwa keki. Laini, mbichimbichi, ya kunata. Hakuna kitu alichokiogopa kama hicho.

"Mlishane!" wageni wakapiga makofi. "Mwalimu na mwanafunzi! Mlishane!"

"Fungua mdomo, wifi," wifi alisema, kipande mkononi. "Leo hukwepi."

"Na wewe fungua," alijibu, akamkatia kikubwa zaidi, makusudi.

Wakasimama wameshikana mabega, mashavu yamevimba, wakitabasamu mbele ya simu za watu. Hakuna aliyemeza.

"Mezeni basi!" jirani akapaza sauti. "Au mnasubiri mpigiwe ngoma?"

Wakameza.

Keki ilishuka mpaka kwenye mkanda, ikakaa hapo kama gunia mlangoni. Kifua kikabana. Mate yakaanza kujaa mdomoni, yale mazito. Bi Kiuno alitabasamu kwa wageni, akarudi kinyumenyume, akageuka, akakimbia. Akafunga mlango wa choo, akafungua bomba, akainama. Ute ukaja na keki ndani yake, vibonge vya rangi ya waridi vilivyolowa, mwingine ukitokea puani.

Mlango ukagongwa.

"Wifi! Fungua!"

"Nanawa!"

"Hunawi! Najua unachofanya humo. Fungua sasa hivi!"

Basi tena. Wifi kamfuata nyuma, kasikia yote, na akishajua wifi, mpaka jioni atajua muuza maziwa. Chupa zote zitarudishwa mlangoni, na zitamwagwa. Alifuta sinki kwa kiganja, akafuta kiganja kwenye gauni. Mlango ukagongwa tena, kwa ngumi.

Akafungua. "Wifi yangu, nakuomba, usinianike. Nitakueleza kila..."

Wifi alimpiga kikumbo, akapita. Mkono mmoja aliuziba nao mdomo, na katikati ya vidole uliteleza uzi mweupe, mrefu, usiotaka kukatika. Akaanguka magoti mbele ya choo. Blauzi ikampanda mgongoni na ubavuni. Chini ya mbavu, kando ya makovu madogo, ngozi ilikuwa imeinuka, duara, ngumu, kama mtu aliyemeza kitufe.

"Funga mlango, wifi," alisema bila kugeuka. "Na hilo bomba, fungua mpaka mwisho."