Shimo la Bweha Siku ya Mvua

Palikuwa na Ngiri aliyechoshwa na mikoromo ya shemeji yake, ambaye ndiye aliyempa pa kulala. Akapata shimo la kununua kwa Bweha, kavu na zuri.

"Lete viazi vyako leo, bibie," Bweha alimhimiza. "Wanaolitaka ni wengi!"

Ngiri alipitia kwanza kwa Mhanga, mchimbaji wa mashimo, kuomba ushauri.

"Umeliona jua likiwaka," Mhanga alisema. "Kaliangalie mvua ikinyesha, ndipo ulipe."

Ngiri alinuna, lakini akasubiri. Mvua ilipomwagika alibeba viazi vyake, akaenda. Alimkuta Bweha juu ya kichuguu, ameloa chapachapa, shimo limejaa maji hadi mlangoni.

"Karibu, bibie," Bweha alisema akitetemeka. "Nimetoka kidogo kupunga upepo."

Ngiri alishusha pumzi, akarudi na viazi vyake. Alipojilaza, mikoromo ya shemeji ilimbembeleza kama wimbo.