Pini Sita

Fundi cherehani alivuta zipu ya gauni la mkewe, ikagoma katikati ya mgongo. Akavuta tena. Wapi!

Mtaa mzima ulimjua kwa majivuno yake: mteja hapimwi mara mbili. Gauni hili la harusi ya shemeji yake alilipima mwenyewe mwezi uliopita. Akazungusha futi kiunoni. Inchi mbili zimezidi.

"Uzee huu," alinung'unika, pini amezibana midomoni. "Nimeharibu kitambaa."

"Hujaharibu, mume wangu."

Akapima tena. Mkewe akaushika mkono wake, akautuliza palepale tumboni, juu ya futi. Miaka saba walikuwa wamezunguka hospitali, wakimeza dawa, na kila mwezi wakirudi mikono mitupu. Sasa mama huyu alikuwa anacheka huku machozi yanamtiririka.

"Sikutaka kukwambia mpaka daktari athibitishe. Jana amethibitisha. Fumua hapo, fundi, na uachie nafasi ya kutosha."

Fundi alitaka kupiga kelele mtaa mzima usikie, lakini alikuwa na pini sita mdomoni. Akaanza kuzitoa moja moja.

Mkewe akaziba masikio, akangoja.