Kiti Kitupu cha Nungunungu

Simba alikalia kiti cha enzi wiki ile ile kaka yake, mfalme wa awali, alipokufa ghafla. Matanga hayajaisha, akataka mchezo wa kuigiza wa kuwaliwaza raia. Kazi akapewa Nungunungu, mtunzi asiye na subira. Akatunga kisa cha mfalme aliyeuawa, ambaye mzimu wake unarudi kumtaja muuaji.

Kwa desturi, kila mchezo ulikaguliwa kwanza na Kunguru, kasisi wa mfalme.

"Mzimu utoe," alisema Kunguru. "Dini mpya haina mizimu."

"Mheshimiwa, mwaka jana ulisema mchezo usio na mzimu ni kufuru!"

"Mwaka jana mfalme alikuwa mwingine."

Nungunungu akautoa. Simba naye akamwita. "Mfalme hauawi. Toa mauaji."

"Na muuaji je, Mtukufu?"

"Mauaji hakuna, muuaji wa nini? Mtoe."

"Basi kimebaki kiti cha mfalme tu!" Nungunungu alifoka, miiba yote ikamsimama.

"Kiti kinatosha," alisema Kunguru, aliyekuwa kando ya Simba. "Kiti hakina dhambi."

Siku ya mchezo, Nungunungu aliweka kiti kitupu jukwaani, akaenda zake kuketi na watazamaji. Wanyama wakakitazama. Wakaendelea kukitazama. Kisha mmoja mmoja wakageuza shingo kumtazama Simba.

Simba akavumilia, akashindwa. Akaruka juu akanguruma, "Si mimi niliyemuua!"

Nungunungu akamgeukia Kunguru.

"Haya, kagua na hilo," alisema. "Mimi sikuliandika."