Meno ya Mama

Siku hizi maiti haizikwi mpaka uso wake ulingane na picha ya kwenye wasifu. Mghoi aliandika wasifu wa mama yake kwa uangalifu, akaweka picha iliyopigwa shambani, mama akicheka na mapengo yake yote. Asubuhi ya mazishi, programu ya kuandikia ikajisasisha yenyewe. Picha ikatoweka, ukabaki mraba mtupu wenye alama nyekundu, kisha mraba ukajijazia mwanamke mwingine, mashavu laini, meno meupe kama chaki.

Mghoi alimfuta mara nne, na kila mara alirudi akitabasamu.

“Dada, kaburi limeshachimbwa,” alisema mdogo wake, Mwakio. “Hiyo programu hairudi nyuma. Tumtengeneze mama.”

“Mama umtengeneze kama kiti?”

Walikwenda mochari na wasifu uleule. Mhudumu aliitazama picha, akautazama uso wa marehemu, wala hakuuliza kilichotokea. Alivuta droo. Ilikuwa imejaa meno meupe, yamepangwa kwa saizi.

“Huyu ni wa sita leo,” alisema akivaa glavu. “Nishikieni taya.”