Sufuria la Masoko

"Ushuru wa samaki wetu wote unaishia kwao ng'ambo! Wanaotaka Kisiwani tujitenge na Masoko, nyoosheni mikono!"

Mwenyekiti akamaliza kusema, akatangulia kunyoosha wake. Uwanja mzima ukafuata.

Sikina, aliyewapikia watu wa mkutano, alikuwa akikwangua ukoko wa pilau kwenye sufuria kubwa. Naye akaanza kunyoosha. Ndipo alipoyaona, pale masizi yalipobanduka ubavuni mwa sufuria, maandishi mekundu: MSIKITI WA MASOKO.

Moyo ukamlainika. Sufuria hili lilivushwa siku aliyofiwa na mumewe. Wanawake wa ng'ambo walikuja nalo pamoja na mchele wao, wakapika, wakaosha vyombo, wakalala naye mkekani mpaka alipoweza kula. Halikurudishwa, wala hawakuwahi kuliulizia.

Akashusha mkono.

"Mwenyekiti, tukijitenga, sawa. Lakini nani atakwenda nami kuwarudishia sufuria lao, tuwaambie ahsanteni? Zito hili, peke yangu silibebi."

Mwenyekiti akautazama mkono wake, ungali juu. Vidole vilikuwa bado vinang'aa mafuta ya pilau.