Kikombe cha Mgeni

Taa ya kamera iliwaka yenyewe tena juu ya kioo cha kompyuta, kijani, ndogo kama punje ya mtama.

"Si nimeifuta sasa hivi programu hii inayowasha kamera?" alisema fundi.

Mahbuba alitafuta fundi wa kike makusudi. Alimpata mtaa wa Hamriya, akamleta nyumbani kwake mtaa wa Azaiba wakati mume wake yuko kazini Rusayl. Hakumwambia mtu.

"Kila ikifutwa inarudi," alisema Mahbuba. "Nshachoka nayo. Labda nimebonyeza kitu kibaya kwenye mtandao."

"Hapana, dada. Hii haikutoka kwenye mtandao. Kuna mtu alikaa kwenye kiti hiki, akaiweka kwa mkono wake, akaifunga kwa neno la siri. Bila neno hilo haitoki. Nani mwengine anatumia kompyuta hii?"

Mahbuba alikuwa anatazama kikombe mkononi mwa fundi. Kahawa ilikwisha zamani, lakini mgeni hakuwa mtu wa Oman, hakujua kwamba aliyetosheka hukitikisa kikombe ndipo akakirudisha. Alikuwa amekishika tu.

Simu ikalia. Alikuwa mume wake.

"Mbona unamwacha mgeni na kikombe kitupu?" alisema kwa upole. "Mtilie kahawa. Hajakitikisa bado."

Mahbuba alitazama ile taa ya kijani. Kisha akainua birika, akamtilia.