Kibubu cha Kaka

Nilikuwa nadeki chini ya kitanda cha mama. Nilipokisogeza kibubu cha kaka, hakikulia. Kilikuwa kimejaa.

Kila mwisho wa mwezi mama alimngoja kaka mlangoni akitoka kupokea mshahara. "Mfuko wako umetoboka, baba. Lete nikuwekee."

Jioni kaka alikivunja kwa nyundo, akamrudishia mjomba karo yote aliyomlipia.

"Sidaiwi tena na mtu!" akasema. Mama akapiga vigelegele.

Niliinama kuokota vipande vya mbao. Vidole vyangu vimechubuka kwa sabuni. Nafua nguo za watu tangu nilipoachishwa shule darasa la tano, na ujira wangu ulinunua madaftari ya kaka.

"Mama," nikasema, "mbona mimi hukuniwekea kibubu?"